Madalali wa Mauti: Uainishaji wa Awali

Taaluma ya udalali haijawahi kupewa nafasi inayostahili katika elimu ya viumbe hai. Vitabu vya shule huieleza seli kama kiwanda: hapa protini zinaundwa, pale nishati inapatikana, kule taka zinatolewa. Mwanafunzi anachora duara, anaweka kiini katikati, anapata alama zake na kuondoka akiamini kwamba protini ikishaundwa hukaa kazini mpaka ichakae yenyewe. Hakuna anayemwambia kwamba ndani ya duara lile kuna madalali zaidi ya mia sita wenye kazi moja tu, nayo ni kuipeleka protini iliyo nzima na yenye afya zake mbele ya chombo kitakachoikatakata.

Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo. Inapendekeza uainishaji wa madalali wa mauti, kuanzia wenyeji wa seli hadi wale wanaoundwa maabara, kwa kigezo ambacho mtafiti atakitetea kwa nguvu zake zote dhidi ya wapinzani ambao bado hawajajitokeza.

Ufafanuzi wa istilahi

Dalali, kwa maana inayotumika humu, ni mtu asiyemiliki nyumba, asiye na haja ya kupanga, na ambaye bila yeye mwenye nyumba na mpangaji wangepishana barabarani miaka nenda miaka rudi. Hajengi, hahami, hasaini mkataba. Kazi yake ni kukutanisha, na akishakutanisha utamkuta mtaa wa pili na mteja mwingine. Wapo watakaosema kwamba ufafanuzi huu unawadhulumu madalali wa mahakama, ambao hubeba hadi makochi. Mtafiti amelizingatia pingamizi hilo na kulitupilia mbali: hata dalali wa mahakama hauzi kilicho chake.

Mauti yenyewe hutokea ndani ya proteasomu. Hili ni pipa lenye pete nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila pete ikiwa na vipande saba, na kifuniko kila upande. Makali yake yote yako ndani. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu chombo chenye makali upande wa nje kingeimaliza seli kabla ya saa sita mchana. Mlango wake ni mwembamba na hufunguka kwa mwenye alama tu. Alama hiyo ni protini nyingine ndogo, yubikwitini, yenye asidi amino 76. Ile ya hamira na ile ya binadamu zinatofautiana kwa asidi amino tatu tu. Protini ikifungwa mnyororo wa yubikwitini, aghalabu nne au zaidi, hukunjuliwa, huvutwa ndani ya pipa na kutoka ikiwa vipande vifupi. Yubikwitini huvuliwa mlangoni na kurudishwa kazini. Hakuna kinachopotea isipokuwa marehemu.

Mnyororo huo hufungwa na vimeng'enya vya ngazi tatu. Vya ngazi ya kwanza huiamsha yubikwitini, na binadamu anavyo viwili tu. Vya ngazi ya pili huibeba, navyo ni kama arobaini. Vya ngazi ya tatu ndivyo vinavyoamua nani afungwe, na idadi yake inazidi 600. Hawa wa ngazi ya tatu ndio madalali wetu. Msomaji aliyezoea ofisi zetu ataona kwamba mpangilio umepinduliwa: hapa wenye uamuzi ndio wengi, na ndio wanaokutana na mteja ana kwa ana.

Historia fupi ya ada ya udalali

Hadi miaka ya 1930 wataalamu wengi waliamini kwamba protini za mwili zikishajengwa hutulia. Rudolf Schoenheimer, aliyeondoka Ujerumani Wanazi waliposhika madaraka na kupata kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwalisha panya asidi amino zilizotiwa alama ya naitrojeni nzito. Baada ya siku chache alizikuta alama hizo zimejipenyeza katika protini za mwili mzima. Mwili ulikuwa ukibomoa na kujenga bila kupumzika, hata kwa panya aliyekomaa na asiyenenepa.

Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve alitangaza ugunduzi wa lisosomu, kifuko chenye vimeng'enya vikali ndani ya seli, na wengi wakadhani kesi imekwisha: bila shaka protini zinafia humo. Lakini lisosomu humeza vitu kwa mafungu, ilhali protini moja huishi dakika chache na jirani yake siku kadhaa. Tena ilikuwa imeshaonekana, tangu 1953, kwamba seli za ini hutumia nishati kubomoa protini zake. Hapo ndipo palipowashinda watu. Kubomoa protini, kwa kanuni za kemia, hakudai nishati. Nyama tunayokula husagwa tumboni bila gharama hiyo. Kwa nini seli ilipie kitu inachoweza kukipata bure?

Jibu lilitoka kwenye damu ya sungura. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wa chuo cha Technion mjini Haifa, wakishirikiana na Irwin Rose wa kituo cha saratani cha Fox Chase, Philadelphia, walitumia seli nyekundu ambazo hazijakomaa. Seli hizo hazina lisosomu, na bado zinabomoa protini. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya fumbo iko katika uchaguzi: seli hulipa ili imfunge mnyororo huyu na si yule. Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikuja mwaka 2004. Kwa lugha ya makala hii, watatu hao waligundua ada ya dalali.

Kuhusu kigezo

Wanakemia huwapanga madalali kwa umbo, wanabiolojia kwa njia wanazopita, wawekezaji kwa bei ya hisa. Mtafiti amevipima vigezo vyote vitatu na kuviona vina upungufu wa pamoja: hakuna kinachomuuliza dalali katumwa na nani. Uainishaji ufuatao unauliza swali hilo, halafu unaongeza la pili lenye uzito kuliko la kwanza: je, aliyemtuma anajua kwamba amemtuma?

Kundi la kwanza: Waajiriwa

Hawa wametumwa na seli yenyewe. Mtafiti angeweza kuwaorodhesha wote mia sita na ushee, na wasahihishaji wangelazimika kusoma. Kwa huruma amechagua wawili.

Wa kwanza ni dalali wa zamu. Mwaka 1982, katika maabara ya Woods Hole, Massachusetts, Mwingereza Tim Hunt alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba ambaye wavuvi hujihadhari wasimkanyage. Aliona protini moja ikiongezeka taratibu, kisha ikitoweka ghafla yai lilipogawanyika, kisha ikianza kuongezeka upya. Wazo kwamba seli ingeiangamiza protini yake kwa makusudi, tena kwa saa maalumu, lilikuwa geni. Protini hizo huitwa saiklini, na mgawanyiko wa seli huenda kwa mdundo wao kwa sababu dalali hufika kila zamu inapokwisha, hakosi. Hunt alipata Nobel mwaka 2001. Kwa wanaoona kwamba maangamizi hayana faida, mtafiti anawakumbusha kuwa bila dalali huyu wangekuwa bado ni yai.

Wa pili anaitwa VHL, naye ni dalali wa hewa. Seli zetu hutengeneza protini iitwayo HIF muda wote, na muda wote VHL huipeleka kwenye proteasomu. Umri wa HIF ni kama dakika tano. Mhasibu yeyote angeliita jambo hili ubadhirifu. Lakini VHL huitambua HIF kwa alama ambayo huwekwa pale tu oksijeni inapokuwepo. Mpanda mlima akikaribia kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako oksijeni anayoivuta ni takribani nusu ya ile ya Tanga, alama haiwekwi, VHL anapishana na HIF bila kumjua, na HIF inabaki hai. Hapo huwasha jeni zinazoleta homoni ya kuongeza seli nyekundu za damu. Seli ambayo ingengoja oksijeni ipungue ndipo ianze kuitengeneza HIF ingekuwa imeshachelewa. Inayoitengeneza kila saa na kuiua kila saa haihitaji kuanza chochote, inaacha kuua tu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Nobel ya mwaka 2019 kwa kazi hii. Wanaorithi VHL mbovu huwa hatarini kupata uvimbe wa figo wenye mishipa mingi ya damu, kwa kuwa seli za uvimbe huo huishi kana kwamba ziko kileleni siku zote.

Kundi la pili: Waliotumwa na adui

Virusi ni maskini. Kirusi husafiri na jeni chache, hana mahali pa kuweka silaha nzito, na akiingia katika seli hukuta walinzi wamejaa. Wanazuoni wa vita wangemshauri ajisalimishe. Yeye huajiri dalali wa mwenyeji.

Mfano ulio bora, kwa maana ya kitaaluma tu, ni virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Katika seli kuna protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika isigawanyike, na ikibidi kuiamuru ife. Virusi hivi haviwezi kustawi mbele ya mlinzi kama huyo. Basi huleta protini ndogo iitwayo E6, ambayo humshika dalali mmoja mwajiriwa wa seli, asiye na ugomvi wowote na p53, na kumgeuza uso amtazame. Dalali anafunga mnyororo kwa uaminifu wake wote. Proteasomu inasaga kwa uaminifu wake wote. Hakuna aliyeasi, hakuna aliyekula rushwa, kila mtumishi ametimiza wajibu wake, na mlinzi mkuu wa seli amekwisha. Jambo hili lilionyeshwa maabara mwaka 1990, miaka kumi na moja kabla mkemia yeyote hajachapisha wazo la kulifanya kwa hiari.

Virusi vya UKIMWI navyo vina protini iitwayo Vif. Seli zetu zina kimeng'enya, APOBEC3G, kinachoweza kuharibu maandishi ya kinasaba ya kirusi yasisomeke. Vif hukikutanisha na dalali mwingine wa ngazi ya tatu, nacho hupelekwa pipani kabla hakijapanda ndani ya virusi vipya. Mtafiti haoni haja ya kurefusha. Mbinu ni ileile.

Itoshe kusema kwamba aina 16 na 18 za HPV huleta takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, na kwamba chanjo yake ilianza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Chanjo humzuia mtumaji mlangoni. Dalali wa ndani hana habari, naye anaendelea na kazi zake nyingine.

Kundi la tatu: Waliotumwa bila mtumaji kujua

Kundi hili lilianza kwa mimea, ambayo kama kawaida yake haikusema kitu. Mche ulioachwa dirishani huinama kuelekea mwanga kwa sababu ya homoni iitwayo auksini. Kwa miongo mingi watu waliitafuta protini inayoipokea. Mwaka 2005 ikapatikana, nayo ikawa sehemu ya dalali wa ngazi ya tatu. Miaka miwili baadaye picha ya fuwele ilionyesha auksini imekaa katikati ya dalali na protini inayohukumiwa, ikijaza nafasi iliyokuwa wazi kati yao, na wawili waliokuwa wakishikana kwa ulegevu wakagandana. Wanasayansi waliita kitu hiki gundi ya molekuli, na mtafiti hana jina bora zaidi.

Kuhusu gundi ya pili, mtafiti anaomba kuweka kejeli kando kwa aya chache.

Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwezi Oktoba 1957 na kampuni ya Chemie Grünenthal, kwa jina la Contergan. Ilikuwa dawa ya usingizi iliyosifiwa kuwa salama kabisa, ikauzwa bila cheti cha daktari, na wajawazito wakaitumia kupunguza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni Ujerumani, Novemba 1961, watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo, na wengi hawakuishi. Marekani ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa, alikataa kuiidhinisha akidai ushahidi zaidi, na akaendelea kudai.

Kisa kingeishia hapo, lakini mwaka 1964 Jacob Sheskin, daktari wa ukoma mjini Jerusalem, alimpa dawa hiyo mgonjwa aliyekosa usingizi kwa maumivu, na vidonda vya mgonjwa vikaanza kutulia. Baadaye ikaonekana inasaidia pia saratani ya uboho iitwayo maieloma. Kwa nusu karne dawa moja ililemaza watoto, ikatuliza ukoma na kupambana na saratani, na hakuna aliyejua inashika nini mwilini.

Mwaka 2010 Takumi Ito, Hiroshi Handa na wenzao nchini Japani waliifunga thalidomaidi kwenye vipira vidogo, wakavipitisha katika maji ya seli na kuangalia kilichonasa. Kilichonasa kilikuwa serebloni, sehemu ya dalali wa ngazi ya tatu. Mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba lenalidomaidi, ndugu wa thalidomaidi, ikikaa juu ya serebloni humfanya dalali huyo awatake Ikaros na Aiolos, protini mbili ambazo seli za maieloma haziwezi kuishi bila hizo. Mwaka 2018 akatajwa mwathirika mwingine wa thalidomaidi: SALL4, protini inayohitajika kuunda viungo vya kijusi. Watu wanaorithi jeni mbovu ya SALL4 wanaweza kuzaliwa na kasoro za mikono zinazofanana na zile za watoto wa Contergan. Na panya wa maabara, ambao dawa hii haikuwalemaza? Serebloni yao inatofautiana na yetu, na asidi amino moja tu inatosha kumzuia dalali wao asiwaone wateja wale.

Tofauti kati ya dawa na sumu, katika kundi hili, si nguvu ya dawa. Ni orodha ya waliokutanishwa. Lenalidomaidi iliingiza zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka 2020 pekee, kiasi ambacho hakuna dalali wa Kariakoo aliyewahi kukitamka, na ilikuwa sokoni tangu 2005, miaka tisa kabla wauzaji hawajajua walichokuwa wakikiuza. Mtafiti anaiacha tarehe hiyo ijisemee.

Kundi la nne: Madalali wa madalali

Aliyewahi kutafuta chumba mjini anajua kwamba anayekupokea kituoni si dalali. Ni mtu anayemjua dalali. Elimu ya kemia ilifika hatua hii mwaka 2001, Craig Crews wa Yale na Raymond Deshaies wa Caltech, pamoja na wenzao, walipochapisha molekuli yenye ncha mbili na kamba katikati. Ncha moja hushika protini isiyotakiwa, nyingine humshika dalali wa seli. Waliiita PROTAC. Ya kwanza ilikuwa na kipande cha protini, haikuweza kupenya utando wa seli, na kwa mtazamo wa mfamasia haikuwa na matumaini yoyote. Ilikuwa hoja tu, ila ilikuwa hoja sahihi.

Ili kuuelewa uzito wake msomaji azingatie jinsi dawa za kawaida zinavyofanya kazi. Kidonge cha kawaida hutafuta shimo katika protini, aghalabu pale inapofanyia kazi, na kuliziba. Kikitoka shimoni kazi inarejea, kwa hiyo lazima dawa ijae mwilini mchana na usiku. Na protini nyingi zenye madhara hazina shimo la kuziba: baadhi ni nguzo tu za kushikizia nyingine, baadhi hushika vinasaba na kuwasha jeni, uso wao ni laini na hauna pa kuingilia. Dalali wa dalali hajali shimo. Anahitaji pa kushika tu, hata kisigino. Akishakutanisha, protini inasagwa, yeye anatoka mzima na kumfuata mwingine, hivyo molekuli moja inaweza kuteketeza nyingi. Na protini iliyosagwa hairudi kazini dawa ikiisha. Lazima seli iijenge upya kutoka mwanzo.

Hapa mtafiti anatambulisha Kanuni ya Msongamano, ambayo wanamaabara huijua kwa uchungu. Dozi ya dawa ya kawaida ikiongezwa, athari huongezeka mpaka itulie. Dozi ya PROTAC ikizidi kiwango, athari hupungua. Sababu ni kwamba molekuli zikijaa kupita kiasi, kila protini lengwa hushikwa na yake na kila dalali hushikwa na yake, na hao wawili hawapati kukutana. Mitaa yenye vibao vya "Dalali" kila mlango na nyumba tupu nyuma ya vibao iliifahamu kanuni hii mapema.

Kasoro ya pili ni unene. Mazoea ya watengenezaji yanasema molekuli ya kumezwa isizidi sana uzito wa dalton 500. Hizi hupatikana zaidi kati ya 700 na 1,000. Hata hivyo zimemezwa. Kampuni ya Arvinas, iliyoanzishwa na Crews mjini New Haven mwaka 2013, iliwapa wagonjwa wa kwanza dawa za namna hii mwaka 2019, moja ikilenga kipokezi cha homoni katika saratani ya tezi dume na nyingine kile cha estrojeni katika saratani ya matiti.

Kasoro ya tatu inamkera mtafiti kuliko zote. Katika madalali zaidi ya 600 waliopo, wanakemia wameendelea kuwatumia wawili kwa wingi: serebloni na VHL, wale wale waliokwisha kutajwa. Sababu rasmi ni kwamba hao ndio wenye vishikio vinavyojulikana. Mtafiti ana uzoefu wa kutosha na ajira za kujuana kuitambua moja anapoiona. Hatari yake ni ya kweli: saratani ikijifunza kupunguza serebloni, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa maieloma, dawa zote zinazopitia mlango huo hudhoofika kwa pamoja.

Kuna pia tawi la nje, kwa protini zilizo nje ya seli au juu ya utando wake, ambako proteasomu haifiki. Maabara ya Carolyn Bertozzi huko Stanford ilionyesha mwaka 2020 jinsi ya kuziburuta mpaka kwenye lisosomu. De Duve, ambaye kifuko chake kilikuwa kimewekwa pembeni tangu siku za sungura, amerudishiwa heshima yake.

Walioomba uanachama na kukataliwa

Botezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, imekataliwa kwa sababu yenyewe huziba pipa. Seli za maieloma hutengeneza protini nyingi mno, na zikizibiwa pa kuzitupa husongwa na mizigo yao. Msomaji makini atauliza: lenalidomaidi hutibu maieloma kwa kupeleka wahukumiwa pipani, botezomibu hutibu maieloma hiyohiyo kwa kulifunga pipa, sasa daktari achague ipi? Madaktari humpa mgonjwa zote mbili kwa pamoja, na matokeo ni mazuri. Mtafiti amelipeleka suala hili kwenye kiambatisho ambacho hakipo.

Fulvestranti, sindano ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa mwaka 2002, imekataliwa kwa sababu haimkutanishi mtu na mtu. Hukishika kipokezi cha estrojeni na kukiharibu umbo mpaka seli yenyewe ikione hakifai na kukitupa. Huyo ni mchongezi. Ni kazi ya heshima, ila ina chama chake.

Kundi la tano: Walioko ugenini

Bakteria wa kifua kikuu hana yubikwitini. Kwa hoja zote zilizotangulia, udalali kwake usingewezekana, na mtafiti alikuwa tayari kufunga daftari. Lakini bakteria huyu ana chombo kingine cha kusagia, ClpP, na mlinzi wake wa mlangoni, ClpC1. Mwaka 2022 kikundi cha watafiti wa Vienna kilionyesha kwamba inawezekana kuunda molekuli za ncha mbili zinazomtumia mlinzi huyo dhidi ya bakteria mwenyewe. Habari hiyo ilipokewa kama ukurasa mpya.

Ukurasa ulikuwa umeandikwa zamani. Pirazinamaidi ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1936 na kutambuliwa kuwa dawa ya kifua kikuu mwaka 1952. Ndani ya bakteria, kimeng'enya chake mwenyewe huigeuza kuwa asidi, na bakteria sugu wengi ni wale waliokiharibu kimeng'enya hicho ili wasijitengenezee sumu. Asidi hiyo hushika protini iitwayo PanD, ambayo bakteria anaihitaji ili kuunda koenzaimu A. Kwa muda mrefu ilidhaniwa huiziba tu. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba PanD ikishikwa hivyo hubadilika, ClpC1 humtambua kama mteja wake, na ClpP humsaga. Kwa kigezo cha makala hii, pirazinamaidi ni dalali kamili, na aliyemtuma hakujua.

Nao waliomtuma kwa kishindo walikuwa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Afrika Mashariki zilifanya jaribio pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakati matibabu ya kifua kikuu yalipokuwa yakichukua miezi 18. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972: kwa wagonjwa walioongezewa rifampisini au pirazinamaidi juu ya streptomaisini na isoniazidi, miezi sita ilitosha, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache. Dozi ya miezi sita inayotumika leo imejengwa juu ya majaribio hayo na yaliyoyafuata.

Kwa mpangilio wa tarehe, basi, Kundi la tano linapaswa kusomwa kabla ya la nne, na mtafiti anawaomba wahariri wa matoleo yajayo walisogeze juu. Kidonge chenyewe kipo zahanati, hutolewa bila malipo, na humezwa katika miezi miwili ya kwanza ya dozi.